Injini Nyepesi za Njia ya Butere

Mji huu wa Kakamega haujawahi kuwa na stesheni ya reli. Ulichimbwa dhahabu kuanzia 1931, ukawa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi baada ya uhuru, na msitu wake unajulikana na wanasayansi wa dunia nzima, lakini treni haijawahi kupiga honi hapa. Reli ilitupitia kandokando mara mbili. Upande wa kaskazini, njia kuu ya Uganda ilikatiza Lugari katikati ya miaka ya 1920, ikitoka Eldoret na Turbo kuelekea Webuye, mahali palipoitwa Broderick Falls siku hizo. Upande wa kusini lilikuja tawi kutoka Kisumu. Tawi hilo lilipita Kisian na Lela, likapanda hadi Maseno, likashika Luanda na Yala, likaingia Namasoli, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 likafika Butere na kukomea hapo. Urefu wake ni kilomita 69 hivi.

Wanahistoria wa reli huandika kurasa nyingi kuhusu simba wa Tsavo na madaraja ya Bonde la Ufa. Njia ya Butere hupewa mstari mmoja, au jina lake huishia ndani ya jedwali. Leo nataka kuizungumzia njia hii, tena kwa kupitia injini zake, kwa sababu naamini injini iliyotumwa mahali inaeleza wazi kuliko hotuba ya gavana yeyote jinsi serikali ilivyopathamini mahali hapo. Gavana angeweza kusema lolote alilotaka. Injini haikuweza kupita pale ambapo chuma kilichotandikwa hakingeweza kuibeba.

Tuanze na chuma chenyewe. Reli hutajwa kwa uzito wa kipande cha yadi moja. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896, na kufika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901, ilitandikwa chuma cha ratili 50 kwa yadi, yaani kilo 25 kwa kila mita. Upana kati ya chuma na chuma ulikuwa mita moja, na mataruma mengi yalikuwa ya chuma kwa sababu mbao zingeliwa na mchwa. Baadaye biashara ilipokua, sehemu za njia kuu kutoka Mombasa zilifumuliwa na kuwekwa chuma cha ratili 80. Matawi hayakupewa heshima hiyo. Yaliendelea kuishi na chuma chembamba.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu uzito wa injini hauenei sawasawa juu ya njia. Unashuka kupitia kila ekseli, na kila ekseli inakanyaga sehemu ndogo sana ya chuma. Ekseli ikizidi uwezo wa reli, chuma hupinda, boliti hulegea, taruma huzama kwenye kokoto, na mvua kubwa za huku kwetu humalizia kazi. Kwa hiyo mhandisi wa tawi hakuanza kwa kuuliza injini ina nguvu kiasi gani. Aliuliza kwanza ekseli yake ina tani ngapi. Jibu lilipokuwa juu ya tani kumi na kidogo, injini ilibaki Nakuru au Nairobi, na mahindi ya Butere yakasubiri injini nyepesi zaidi.

Injini nyepesi hiyo, katika matawi mengi ya Kenya, ilikuwa ile ya daraja la EB3, ambayo baada ya 1948, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipoundwa, ilipewa namba mpya na kuitwa daraja la 24. Zilitengenezwa 62 kati ya 1923 na 1930. Ilikuwa na magurudumu manne madogo mbele ya kuishika njia kwenye kona, manane makubwa ya kuvuta, na nyuma hakuna kitu. Maji na kuni au mafuta vilibebwa kwenye behewa dogo lililofungwa nyuma yake. Ubora wake ulikuwa mmoja: karibu uzito wake wote ulikaa juu ya magurudumu ya kuvuta, kwa hiyo haikuteleza ovyo kwenye mlima wenye umande. Lakini udhaifu wake ulitoka hapohapo. Tanuri lilibanwa juu ya magurudumu hayo makubwa na halikuweza kupanuliwa, na tanuri dogo halitoi mvuke mwingi. Injini ya 24 ilikuwa na mguu mzuri na pumzi fupi.

Hebu tuone zilikotoka. Zilitoka Vulcan Foundry katika mji wa Newton-le-Willows, na Nasmyth Wilson pale Patricroft, karibu na Manchester. Viwanda vyote viwili vilikuwa Lancashire, jimbo la viwanda vya nguo la Uingereza, na wenye viwanda vya nguo vya jimbo hilo ndio waliokuwa wakililia pamba ya makoloni tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Uganda ililimishwa pamba, na Nyanza yetu ikahimizwa kufuata. Kwa hiyo mafundi wa Lancashire walichonga injini, injini ikasafirishwa kwa meli hadi Kilindini ikiwa vipande vipande, ikaunganishwa Nairobi, kisha ikaja kuchukua pamba ambayo jirani wa fundi huyo alitarajia kuisokota. Mambo hayakwenda sawa na matarajio, kwa maana sehemu kubwa ya pamba ya Uganda iliishia Bombay, lakini hesabu iliyoanzisha yote ilikuwa hiyo. Wanaosema reli ililetwa kwa ajili yetu waikumbuke.

Na kuna jambo la wakati. Kwa miaka thelathini Kisumu ilikuwa mwisho wa njia kuu. Pamba ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli za mvuke, ikapakiwa kwenye mabehewa pale bandarini, ikaenda Mombasa. Mwaka wa 1931 daraja la Mto Nile pale Jinja lilikamilika, treni zikafika Kampala kwa njia ya nchi kavu kupitia Eldoret, Lugari na Tororo. Kisumu ikapoteza cheo. Sehemu yote kutoka Nakuru hadi ziwani ikageuka kuwa tawi. Njia ya Butere ilizaliwa wakati huohuo, ikawa tawi la tawi, na kila kitu kizuri kilichonunuliwa baada ya hapo kilipelekwa kwanza kaskazini.

Nalisema hili kwa sababu kaunti yetu hii hii iliona ncha zote mbili. Mtoto wa Lugari aliyekaa karibu na njia katika miaka ya 1940 na 1950 aliona Garratt. Mtoto wa Butere aliona injini ya magurudumu kumi na mawili.

Garratt ni jina la Mwingereza Herbert William Garratt, aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1907. Kampuni ya Beyer Peacock ya Gorton, Manchester, ndiyo iliyoufanya kuwa chuma. Alichokitatua ni tatizo hilohilo la reli nyembamba. Unataka boila kubwa, lakini boila kubwa ni nzito. Garratt alitoa boila juu ya magurudumu kabisa, akaining'iniza katikati ya fremu, na kila upande wa fremu akaweka mtambo kamili wenye silinda na magurudumu yake: ni watu wawili wanaobeba mzigo mmoja kwa mti mabegani, kila mmoja akikanyaga mahali pake. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, boila inaweza kuwa nene na fupi, na tanuri linaweza kuwa pana na la kina. Mitambo ile miwili inageuka penye kona, kila mmoja kwenye mhimili wake, kwa hiyo mnyama huyu mrefu anapita pale ambapo injini ya kawaida ya nguvu hiyo ingetoka njiani.

Garratt za kwanza zilifika Kenya 1926. Mwaka 1939 zilianza kuja za EC3, baadaye daraja la 57, zenye magurudumu 32, kubwa ajabu kwa chuma cha ratili 50. Kisha mwaka 1953 na 1954 zikaja za daraja la 60, ishirini na tisa, zenye magurudumu 28 na tani kama 11 tu kwa kila ekseli. Hizi zilibuniwa hasa kwa ajili ya njia nyepesi. Na mwaka 1955 zikaanza kuingia za daraja la 59, thelathini na nne, kila moja tani 252, injini kubwa kuliko zote za mvuke zilizowahi kutembea juu ya reli za upana wa mita moja popote duniani. Hizo ziliwekwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, kwa sababu ekseli zake za tani 21 zilihitaji chuma kizito. Daraja la 59 halikuwa na la kufanya Butere; njia ingekunjika chini yake.

Angalia pia majina. Daraja la 59 lilipewa majina ya milima: Kenya, Elgon, Meru, Kilimanjaro. Daraja la 60 lilipewa majina ya magavana. Injini za kawaida za miaka hiyo, madaraja ya 29, 30 na 31, zikapewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Milima na magavana walipewa Garratt. Sisi wananchi tukapewa injini za kawaida. Sidhani kuna mtu aliyekaa ofisini akapanga dharau hiyo makusudi. Ilikuja yenyewe, kama kawaida ya mamlaka yanapogawa vitu.

Hata hivyo, injini ninayoipenda kuliko zote iko katika kundi hilo la makabila. Ni daraja la 31. Vulcan Foundry walitengeneza 46 katika miaka ya 1955 na 1956, na zilikusudiwa hasa njia nyepesi na matawi. Wakati ndugu yake wa daraja la 30 alipewa behewa kubwa la maji kwa ajili ya nyika kavu za Tanganyika, wa 31 alipunguzwa uzito kila palipowezekana. Magurudumu mawili mbele, manane ya kuvuta, na manne madogo nyuma. Hayo manne ya nyuma ndiyo siri. Yalibeba tanuri, kwa hiyo tanuri likapanuka bila kuongeza mzigo wa ekseli za katikati. Ile pumzi fupi ya daraja la 24 ikapata dawa. Mhandisi mmoja mwenye penseli alikaa akafikiria njia za watu wadogo, akazifanyia kazi nzuri. Ingekuwa miaka ishirini mapema, bei ya kusafirisha gunia huku ingekuwa hadithi nyingine.

Bei hiyo ilikuwa ugomvi mkubwa wa siasa za miaka ya 1920 na 1930. Mahindi ya walowezi yalisafirishwa kwa nauli ya chini ili yashindane ng'ambo, na pengo likazibwa na bidhaa zilizoingia, zikiwemo nguo na majembe ambayo Mwafrika alinunua. Walowezi walijengewa matawi: Solai, Kitale, Thomson's Falls ambayo leo ni Nyahururu. Butere ni kati ya matawi machache yaliyoishia ndani ya ardhi ya Waafrika. Mkulima wa Marama na Kisa alipata stesheni, na stesheni ikaleta maduka, posta, shule na soko. Lakini alipata stesheni ya chuma chepesi.

Sasa niwaambie kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu picha za injini inayong'aa hudanganya. Nenda Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa 1971, upande kibanda cha injini namba 5930, Mount Shengena. Ni Garratt ya 59, lakini kibanda cha mvuke kina mantiki ileile kokote. Mbele yako kuna mdomo wa tanuri. Juu yake kuna vali za kila namna, na mirija ya kioo inayoonyesha kimo cha maji ndani ya boila. Dereva alishika mkono wa mvuke na breki. Faiamani alishika uhai wa wote wawili, yaani moto na maji.

Zamani moto ulikuwa wa kuni, na misitu mingi ya kando ya njia iliishia kwenye matanuri. Baadaye yakaja mafuta mazito. Mafuta hayo hupulizwa na mvuke yaingie tanurini kama ukungu, na faiamani anafungua na kufunga vali kidogo kidogo kulingana na mlima. Akifungua mno, moshi mweusi na mafuta yanapotea. Akibana mno, mvuke unashuka na treni inasimama katikati ya mteremko. Masizi yakijaa kwenye mabomba ya boila, anachota mchanga kwa kijiko kirefu, anaurusha kupitia tundu la tanuri wakati injini inavuta kwa nguvu. Mchanga unafyonzwa ndani ya mabomba, unayakwangua, na moshi mnene unatoka juu. Watu waliosimama shambani walidhani injini imekasirika. Ilikuwa inasafishwa koo.

Halafu kuna maji, na hapa njia ya Butere ilikuwa na mtihani wake. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Maseno, pale ikweta inapokatiza, iko karibu mita 1,500. Kwa hiyo kutoka Kisian injini inapanda kwa muda mrefu, pua juu, na maji yote ndani ya boila yanarudi nyuma, juu ya tanuri. Kioo kinaonyesha maji mengi, na faiamani mgeni anafurahi. Kisha treni inafika juu, inaanza kuinama kuelekea Mto Yala, na maji yale yanakimbilia mbele. Dari la tanuri, ambalo lina moto mkali chini yake, linabaki wazi. Chuma kisichofunikwa na maji hulainika kwa dakika chache, na boila inaweza kupasuka. Ndiyo maana kwenye dari hilo huwekwa kizibo chenye risasi ndani yake. Maji yakiisha, risasi inayeyuka, mvuke unamwagika juu ya moto na kuuzima, na maisha yanasalimika, ingawa safari imekwisha na faiamani ana barua ya kuandika. Faiamani mzoefu alijaza boila kabla ya kilele, mahali ambapo kioo kilimwambia hakuna haja. Elimu hiyo haikuwa kwenye kitabu chochote. Ilikuwa kwenye mkono wa mtu aliyeijua njia kona kwa kona.

Na watu hao walikuwa nani? Kwa nusu karne madereva walikuwa Wazungu na Wahindi, na Waafrika walichochea moto, walipanga mataruma, walipakia magunia, walikaa kwenye landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, za chumba kimoja. Kupanda hadi kiti cha dereva kulianza kwa shida katika miaka ya 1950; shule ya mafunzo ya reli ilifunguliwa Nairobi mwaka 1956. Vijana wengi wa Butere, Khwisero, Luanda na Yala waliingia reli kwa sababu ilipita karibu na nyumbani kwao, na mishahara yao ilijenga nyumba za bati na kulipa karo. Kuna wazee katika ukumbi huu ambao mikono yao bado inaijua vali ya mafuta. Walistaafu wakati dizeli ilipokuwa imeshinda. Dizeli kubwa za njia kuu zilianza kuingia 1960, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umekwisha kwenye reli za Kenya. Kati ya zile Garratt 34 za daraja la 59, zimebaki mbili, 5918 na 5930, zote Nairobi. Nyingine zilikatwa zikauzwa kama chuma chakavu.

Nataka mlinganishe na Wales. Kaskazini ya nchi hiyo kuna reli ndogo ya milimani, Welsh Highland, ya kilomita 40 hivi, kati ya Caernarfon na Porthmadog. Ni fupi kuliko njia yetu ya Butere, na upana kati ya chuma na chuma ni sentimita 60 tu. Ilikufa kabisa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Watu wa kujitolea, walimu, mafundi, wastaafu, wakaijenga tena kipande kwa kipande hadi ikafunguliwa yote mwaka 2011. Juu ya njia hiyo ilikuja kutembea K1, Garratt ya kwanza kutengenezwa duniani, iliyotoka Gorton mwaka 1909 kwenda Tasmania. Ilitembea humo pia namba 143, iliyofanya kazi Afrika Kusini, Garratt ya mwisho kutoka kiwanda hicho, mwaka 1958. Ya kwanza na ya mwisho, zote ziliwashwa moto tena kwenye njia ndogo ya mkoani. Wale hawakusubiri makumbusho ya taifa. Waliona kwamba kumbukumbu ya injini inatunzwa vyema zaidi na watu wanaoishi kando ya reli.

Hapa kwetu treni ya abiria ya Butere ilikoma kwa miaka mingi. Nyasi zikafunika mataruma, watu wakapanda mahindi hadi ukingoni mwa kokoto. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kusaga miwa 1973, kilomita chache tu kutoka Butere, reli haikusogezwa kukifuata, na malori yakachukua barabara. Baada ya 2020 njia ilikarabatiwa, na dizeli ikaonekana tena Butere. Nafurahi kwa hilo. Lakini ukarabati una hatari yake. Fundi anayekuja kuweka njia mpya hutupa ya zamani. Mizani ya stesheni, taa za ishara, mabango ya majina, daftari za stesheni masta, vibao vya nauli, hata vipande vya ile reli nyembamba yenyewe, vyote hivyo vinaweza kwenda kwa muuza vyuma chakavu katika wiki moja.

Ombi langu kwa kaunti ni dogo na linawezekana. Chumba kimoja cha stesheni ya Butere kitengwe. Kipande cha reli ya ratili 50 kiwekwe humo kando ya kipande cha ratili 80, ili mwanafunzi avishike vyote viwili na ajue kwa mikono yake tofauti ninayoihubiri hapa kwa maneno. Na Shirika la Reli liombwe injini moja ya mvuke ya daraja jepesi, hata isiyotembea, iletwe ikae pale ambapo za aina yake zilikuwa zikisimama.

Lakini kabla ya chuma kuna watu, na watu hawasubiri vikao vya kamati. Kwa hiyo naketi sasa, na maikrofoni iende mstari wa mbele kwa wazee wa reli. Tumeandaa kinasa sauti. Naomba tuanze na mlima wa Kisian hadi Maseno: mzigo ukiwa mzito na mvua inanyesha, ulikuwa ukijaza maji boila ukifika wapi, na nani alikufundisha?